Koti la Mikono Saba

Mkono wa kulia wa Nanyama ulikufa siku ya Pasaka. Hivyo ndivyo anavyosema ndugu yake, Kizito. Mimi nasema Kizito ana haraka ya kuzika. Kiharusi kilimpiga Nanyama upande mmoja, mguu ukarudi, mkono ukabaki unatetemeka. Miaka thelathini ameshona sare za shule hapa Kitale, ukuta kwa ukuta na kibanda changu cha gemu. Sasa Kizito ametuma ujumbe kutoka Bumula, kule Bungoma: Jumamosi anakuja na pikapu kuchukua cherehani, ampe mke wa mwanawe. Ati inakaa bure!

"Sabiha," Nanyama aliniambia, "mkono ni wangu. Ukikufa nitatangaza mwenyewe."

Hospitali walikuwa wamempa mpira wa kufinyafinya. Aliufinya siku tatu, akamtupia paka. Basi akaanza kushinda kwangu, akiangalia vijana wakicheza gemu moja la kutisha mno, la mji uliozama chini ya bahari. Ndani ya mji kuna zimwi limelala, kubwa kuliko mlima. Mlangoni kuna vipande ishirini vya mawe, na lazima uviunganishe kabla maji hayajajaa. Vijana walivipanga kama ukuta. Wakavipanga kama ramani. Wote walizama, na wote walinilaumu mimi, utadhani mashine yangu ndiyo iliyowaloga.

Nanyama alicheka hadi akakohoa. "Ninyi watu! Huo si ukuta, hilo ni koti. Jiwe lililopinda ni kwapa, na yale marefu ni mikono. Moja, mbili... saba! Maskini, nani alimkatia huyu kitambaa?"

Wallahi, lilikuwa koti.

Nikampa ile pedi ya kuchezea. Lakini kujua ni kitu kimoja na kushona ni kingine. Kila jiwe linataka gumba la kulia likandamize kitufe bila kulegea mpaka mshono ushike. Gumba likitetemeka, jiwe linaanguka na maji yanapanda. Jumatatu alishikisha mkono mmoja wa koti. Jumatano mitatu, jasho likimtiririka, na matusi ya Kibukusu ambayo nashukuru siyaelewi. Ijumaa alilia. Roho iliniuma, nikamwambia apumzike kidogo.

"Nipumzike halafu nishone na nini? Meno?" Akaanza upya.

Jumamosi saa nne asubuhi Kizito aliingia, koti lake la suti limetatuka kwapani. "Dada, na umri huu unacheza na majini? Nipe ufunguo wa duka, bana."

"Ngoja, Kizito."

Gumba lilikuwa kwa mkono wa saba. Likatetemeka. Likatulia. Mshono ukashika. Mlango ukafunguka na zimwi likainuka, macho yake hayahesabiki. Kizito mwenyewe alirudi nyuma hatua moja. Maandishi yakatokea kwa skrini na nikamsomea Nanyama: mvishe, kisha piga magoti.

Nanyama alilitazama kutoka juu hadi chini. "Mimi hupiga magoti kwa Mungu, na nikipima pindo. Pindo la huyu nimeshapima." Akaweka pedi chini, akaondoka. Zimwi likabaki limesimama na koti lake, likingoja.

Duka alilifungua mwenyewe. Akakaa kwa cherehani, akashika uzi kwa mkono wa kulia. Uzi ulikosa tundu la sindano mara mbili, na Kizito akafungua mdomo aseme kitu. Nikamwangalia vibaya, akaufunga. Mara ya tatu uzi ukaingia.

"Vua hilo koti," Nanyama akamwambia.

Alivua kama mtoto wa shule. Cherehani ikalia, ikasimama, ikalia tena. Kizito alipolivaa, alipapasa kwapa, akasema kwa sauti ndogo kwamba mshono umepinda.

"Umepinda, ndiyo," Nanyama akajibu. "Lete wiki ijayo niunyooshe. Nitakuwa hapa."