Miaka Miwili ya Kashindi

Kila ninaponusa plastiki iliyotoka kwenye mashine ya moto, namkumbuka kaka yangu. Ndiyo harufu ya darasa la shule ya mtaa wetu, Rugenge, wiki ile walipoandikisha wapiga kura na kufunga kadi zao kwa plastiki, nami nikiwa na miaka tisa. Vita vilisemekana vimekwisha. Kwetu Uvira, mashariki mwa Kongo, vilikuwa vimekwisha redioni tu.

Tusidanganyane, hatukutafuta kadi kwa ajili ya kura. Bila kadi, askari wa kizuizini hawakukuacha upite kwenda shambani Lubarika, na bila shamba hatukula. Kaka yangu Kashindi alikuwa na miaka kumi na sita, naye ndiye aliyemsaidia mama kubeba mihogo tangu baba afe. Mama akamkalisha uani, akamfundisha umri mpya.

"Weye uko na dix-huit. Kumi na minane. Wakikuuliza, usiangalie chini."

"Njia ya mwongo ni fupi," bibi akasema.

"Ya shamba iko murefu, mama, na iko na barrière," mama akamjibu, na bibi akacheka hadi akakohoa.

Kule darasani karani akaandika kumi na minane bila kuinua macho. Wiki ile wavulana wa mtaa wetu walikua ghafla. Hata jirani yetu mmoja, ambaye bado alilia akichapwa, alirudi nyumbani mtu mzima. Bibi, asiyejua mwaka wake, aliulizwa kama ziwa lilipofurika alikuwa ameshaolewa, akakadiriwa umri.

Siku ya kura, bibi alimchagua mgombea aliyevaa miwani pichani, kwa kuwa "mutu wa lunettes anasomaka sana." Mama alimchagua aliyesemwa kuwa atatuletea amani. Kashindi alimchagua yule aliyeshangiliwa na vijana, akarudi akitutambia kwa kidole chenye wino. Nilimwonea wivu sana.

Miezi michache baadaye, watu wenye bunduki walisimamisha gari letu tukitoka Lubarika. Walitaka wabebaji wa mizigo yao. Walikusanya kadi, wakasoma: waliotimiza kumi na minane washuke, watoto wabaki garini.

"Huyu iko mutoto," mama alisema. "Miye ndiye nilimuzaa."

"Carte inasema iko mukubwa," mwenye bunduki mmoja akajibu.

Kashindi akashuka. Gari likaondoka. Hakurudi.

Nilimlaumu mama kwa miaka mingi, kimyakimya, huku nikila mihogo yake. Zaidi ya hapo sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Kisha siku moja, nikiwa mtu mzima, mtaalamu mmoja alieleza redioni kwamba katika kura ile vijana wa upande wetu walijitokeza kwa wingi, kwa sababu walikuwa na imani na nchi yao. Hapo nikaelewa alikuwa akiwasema kina nani: watoto wenye njaa, walioongezewa umri na mama zao ili wapite barabarani. Mama hakuwa peke yake. Kila nyumba ilifanya vile, ila gari lililosimamishwa lilikuwa letu.

Mama alikuwa kando ya redio hiyo, akichambua maharage. Nilitaka kumwambia neno jema.

"Kashindi angekuwa na thelathini sasa," nikasema.

"Ishirini na nane," mama akasema, bila kuinua uso.

Mimi niliyemlaumu ndimi niliyekuwa nikihesabu kwa umri wa kadi.