Aliyeniomba Nimshikie Nafasi

Sina sababu ya kukudanganya. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Thornton Heath, huku ughaibuni, tena mchana.

Karibu na stesheni kuna duka la kubeti lenye zile mashine za kamari ambazo kwetu Dar tunaziita dubwi. Nilikuwa nikipitia humo kila nikitoka shifti ya kulea wazee, kabla ya kumchukua binti yangu Nuru shuleni. Wiki nzima nililisha mashine moja nikiamini imekaribia kutema pesa. Siku hiyo nikaikuta imekaliwa na mama wa makamo, amevaa koti jekundu kama langu. Anabonyeza, inatema. Anabonyeza tena, inatema. Wivu ulinikaba, niamini. Nilishe mimi, avune yeye?

Leo najua mashine haimwekei mtu akiba. Kila ukibonyeza ni bahati mpya, ya jana haihesabiki. Lakini siku ile nani angeniambia nikamsikia?

Nikamwamkia shikamoo. Aliinuka, akanigusa bega, akasema, "Nishikie nafasi, mwanangu. Narudi sasa hivi."

Mkubwa akikuomba hivyo utamkatalia vipi? Benki, hospitali, msibani, sisi ndivyo tunavyosaidiana. Nikakaa, nikaanza kubonyeza, huku moyoni naomba asirudi.

Nilipoinua macho, nje giza limeingia na pochi yangu tupu. Nikakimbilia shuleni, geti limefungwa. Nikakimbia nyumbani huku nalia. Nuru alikuwa mezani, ameoga, amesukwa, anakula chapati za moto. Ufunguo pekee wa nyumba ulikuwa mfukoni mwangu. Nikamuuliza kaletwa na nani. Akanishangaa, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nilimchukua mimi, tukaimba njia nzima. Kesho yake mwalimu naye aliniambia alimkabidhi kwangu.

Duka lile sijalikanyaga tena, ila wivu haujanitoka. Nikimsuka Nuru, ananiambia siku ile mikono yangu ilikuwa laini zaidi. Juzi, usingizi ukimchukua, akaniuliza kwa Kiswahili safi, yeye ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili:

"Mama wa siku ile atarudi lini?"

Basi wewe unayekwenda kucheza, panga pesa na muda kabla hujaingia, na kimoja kikiisha, inuka. Na mtu akikuomba umshikie nafasi mbele ya mashine, muulize kwanza anakwenda kushika ya nani.