Piza ya Lumbalumba

Juzi mfanyakazi mwenzangu, binti aliyehamia Mbarara hivi karibuni, aliniuliza ni wapi mjini hapa mtu anaweza kupata piza nzuri. Ni swali dogo tu, la saa ya chakula cha mchana, lakini nilijikuta nimechoka kabla sijajibu. Zote nimezila, rafiki yangu. Nimekula ile ya ghorofani yenye unga mzito kama mto wa kulalia, na ile ya karibu na stendi, ambayo huimwagia mchuzi wa chupa mpaka hujui kama unatafuna nyama au uyoga. Nimekula ile ya njia ya chuoni, inayosifiwa na wanafunzi kwa sababu ni kubwa. Hata ile ya hoteli ya wageni, inayoletwa juu ya ubao, nimeila mara mbili, nikitumaini kwamba mara ya kwanza nilikuwa na mafua. Miaka yote hii nimekuwa natafuta piza moja tu, wala sijawahi kumwambia mtu.

Nilimjibu kwamba ya karibu na stendi si mbaya. Lakini wewe acha nikueleze ukweli.

Nilikulia Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi. Tulifika pale kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, mimi na koko, maana bibi kwetu tunamwita koko. Nilikuwa na miaka sita. Tulipewa kiwanja, turubai, sufuria mbili na jembe. Koko alikuwa mlokole wa kanisa la Kiprotestanti na mkulima mpaka kwenye mifupa. Nadhani alipanda nyanya kabla hata hatujamaliza kufunga turubai. Kazi yangu ilikuwa kuzimwagilia asubuhi na jioni, kwa maji ya ziwa niliyobeba kichwani katika bidoni ya njano. Mpaka leo nikishika jani la nyanya, harufu ile inanirudisha kwenye mteremko wetu, miguu imelowa matope na shingo inauma.

Jirani yetu alikuwa mwanamume mwembamba aliyeishi peke yake. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa amewapikia mapadri Waitaliano kule Uvira. Kama aliwahi kuwa na mke na watoto, hakusema, na koko alinikataza kuuliza. Sote tulimwita Mpishi. Alichimba udongo wa kichuguu, akauchanganya na majani makavu na majivu, akajenga tanuri la mviringo lililokaa uani kwake kama kuku anayeatamia. Yeye aliliita furu. Humo alioka mikate ya kuuza sokoni Base Camp, na harufu yake ilituamsha watoto wa kijiji kizima kabla ya jogoo.

Jumamosi mchana, mikate ikiwa imekwisha na makaa bado mekundu, alioka piza. Aliikanda kwa unga wa ngano alioukung'uta mwenyewe kwenye mfuko wa mwisho, akaupumzisha chini ya kitambaa kilicholowa. Nyanya zilikuwa zetu. Jibini, aliyoiita fromaji, aliitengeneza kwa maziwa ya wafugaji Wanyankole: aliyagandisha kwa ndimu, akayafunga katika kitambaa, akayakandamiza kwa jiwe siku mbili. Piza ilipotoka motoni, ikiwa bado inachemka, ndipo aliponyunyiza majani mabichi ya lumbalumba, jamii ya rehani yenye harufu kali. Moshi, maziwa, nyanya na lile jani vilipanda pamoja puani. Kwenye kibanda cha kanisa letu kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na sisi watoto tuliketi mbele ya furu tukiimba sauti ya pili huku tukimeza mate.

Koko hakuitaka. "Hii chakula ya bazungu haishibishe mutu," alisema. Nyanya aliuza, lakini hakuonja. Nadhani pia hakupenda kula kitu kilichotoka kwa mapadri.

Nilikuwa na miaka kama kumi habari ilipotufikia kwamba mtoto wa mwisho wa koko, mjomba wangu aliyebaki Kongo, ameuawa. Koko hakulia. Aliketi kwenye mkeka, akaacha kula. Akina mama wa kanisa walileta bugali na maharagwe, wakaomba, wakaimba, wakaondoka na sahani zao zikiwa zimejaa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mimi nilimwagilia nyanya na kurudi, kumwagilia na kurudi, nikihofia kwamba siku moja nitarudi nikute nimebaki peke yangu duniani.

Siku ya nne Mpishi alikuja na piza kwenye sinia. Hakutoa pole. Aliiweka mkekani, akachuchumaa, akasema kwa sauti ya mtu mwenye malalamiko, "Mama, nyanya zako ziko na shida. Ziko chachu. Zimeniharibia kazi."

Koko aliinua kichwa. "Nyanya zangu?"

"Onja."

Alikata kipande, akatafuna polepole. Nilitazama koo lake likishuka na kupanda. "Nyanya zangu haziko chachu," alisema. Akala tena, ili ahakikishe. "Ni fromaji yako ndiyo chachu. Ulitia ndimu mingi."

"Labda," Mpishi akasema.

Alimaliza kipande, akachukua kingine, na katikati ya kile cha pili machozi yakaanza. Mpishi aliinuka, akatuachia sinia. Tangu siku ile koko alikula piza kila Jumamosi, na kila Jumamosi aliitolea kasoro.

Nilipokuwa darasa la saba, habari zilifika kwamba mkahawa mmoja mpya Mbarara unatafuta mtu anayejua kuoka kwa kuni. Mpishi alijua Kifaransa, Kiswahili, Kishi na Kiitaliano cha jikoni, lakini hakujua Kinyankole wala Kiingereza. Mimi nilivijua vyote viwili kwa sababu ya shule. Koko akaruhusu nimsindikize. Mpishi aliomba barua ya kutoka kambini, akaoka piza alfajiri, akaifunga kwa kitambaa na majani ya migomba, akaiweka katika boksi. Tulipanda nyuma ya pikapu ya matoke, boksi likiwa mapajani mwangu.

"Kamata muzuri, mutoto," aliniambia kila tulipopita shimo. "Usiitingishe."

Mjini alitaka kwanza kuvuka mto Rwizi aende Nyamitanga, kwenye kanisa kuu la Kikatoliki, kusali. Koko alikuwa amenionya nisiingie kanisa lenye sanamu, basi niliketi kwenye ngazi nje. Boksi lilikuwa bado na uvuguvugu. Nilifunua jani, nikamega ukingo kidogo. Kisha kidogo tena. Nilifunika haraka nilipoona viatu vyake vinatoka. Alikuwa amevipaka rangi nyeusi, na shati lake jeupe alikuwa amelipiga pasi ya mkaa mpaka likang'aa.

Mwenye mkahawa alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. "Karibu, sebo," alimwambia Mpishi, yaani bwana, kisha akaendelea nami kwa Kinyankole. Alitazama pale nilipomega, akauliza kama panya wamepita. Nilitafsiri huku uso unawaka. Mpishi alinitazama mara moja tu. "Mwambie ile fasi ni ya kuonja."

Yule mama alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama. Cha pili alivuta kiti. Kisha akawaita wapishi wake wawili, nao wakala. Akauliza hili jani ni la nini.

Nilitafsiri swali, na Mpishi akachangamka kama taa iliyotiwa mafuta. Hakuna aliyekuwa amemuuliza juu ya kazi yake tangu Uvira. "Mwambie ni lumbalumba. Hapa banaita mujaja, banatia mu chai. Haitiwe mu moto, hapana. Inakuja nyuma, wakati piza imetoka." Akaeleza unga upumzike kiasi gani. Akaeleza maziwa ya ng'ombe gani ni mazito, na jiwe liwe na uzito gani. Nami nilitafsiri yote, neno kwa neno, nikijivunia Kiingereza changu kila neno la Kinyankole liliponikwama. Mmoja wa wapishi wa yule mama alikuwa anaandika nyuma ya karatasi ya oda. Nilimwona. Hata nilirudia maneno pale alipokosa kusikia.

Ndipo yule mama akauliza kama ana cheti cha chuo cha upishi. Mpishi alisema alikuwa na barua ya mapadri, ikabaki katika nyumba iliyoungua. "Mwambie anipe kuni na unga. Nitamuonyesha hapa hapa." Yule mama alitabasamu kwa huruma, akasema sheria za mji zina ugumu wake. Akatupa soda. Akasema ataturudia, atatuita. Hakuuliza tutaitwa kwa njia gani, na sisi hatukuwa na simu.

Kwa wiki kadhaa Mpishi alikuwa mchangamfu. Alifua shati lake na kulitundika ndani, tayari. Kisha mwalimu wetu alirudi kutoka Mbarara, akaja kununua mkate nami nikiwepo, akasimulia kwamba amekula maajabu mjini: mkate bapa wenye nyanya na majani ya mujaja. Nilitamani ardhi inimeze.

Mpishi alifunga mkate katika gazeti bila haraka. "Majani banatia mbele ya moto ao nyuma?"

"Yalikuwa meusi, yameungua," mwalimu akasema.

"Banaharibu," alisema Mpishi, akampa mkate wake.

Jumamosi ile hakuoka piza. Wala iliyofuata. Nilimwendea, nikamwambia huku nalia kwamba ni mimi niliyewaambia kila kitu. Alikuwa anafagia majivu. "Weye ulikuwa mudomo yangu," alisema. "Mudomo haikosi." Akafagia tena, halafu akaegemea fagio. "Nimechoka tu, mutoto. Si weye. Nimechoka."

Aliendelea na mikate. Aliwahi kuniambia nije nijifunze kukanda, lakini nilikuwa msichana wa sekondari, nikiogopa kunuka moshi mbele ya wenzangu. Nilisema nitakuja likizo. Kabla ya likizo jina lake lilitoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa ng'ambo, nchi ya theluji. Siku ya mwisho aliwaita majirani akawasha furu. Kuni zilikuwa mbichi, mvua ilikuwa imenyesha, moshi ukatutoa machozi na piza zikatoka ngumu kama ubao. Sote tulizisifu. Koko peke yake alisema, "Leo umekosa." Mpishi akacheka, na kwa muda mrefu sikuwa nimesikia kicheko chake.

Alinipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza alisema amepata kazi katika kiwanda. Nikamuuliza wanatengeneza nini. "Piza," alisema. Anasimama penye mkanda, duara za unga zinapita mbele yake, na kazi yake ni kurusha jibini iliyosagwa, mpaka kengele ilie. Zinagandishwa, zinakwenda madukani. Nilimuuliza kama ni nzuri. "Sikule," alijibu. Mara ya pili aliuliza habari za koko, nami ilinibidi nimwambie kwamba tumemzika mwezi uliopita. Nilisikia mashine zikinguruma nyuma yake. Kisha alisema anaitwa kazini. Namba ile haipatikani tena.

Mwaka huu nilifika Nakivale kwa shughuli za ofisi, nikapita kwetu. Wanaokaa pale sasa ni watu wengine, waliokimbia vita vingine, na walinikaribisha vizuri. Mvua imelimaliza furu. Limebaki tuta la udongo mwekundu, na mama wa nyumba ameanika vyombo juu yake. Nilimwambia zamani palikuwa na tanuri hapa. "Eeh?" alisema kwa adabu, akaendelea kuosha sahani.

Nimejaribu kuioka mwenyewe. Nina jiko la gesi, nina jibini ya dukani, lumbalumba nimeipanda kwenye debe. Watoto wangu wanakula, wanasema ni nzuri. Lakini labda ile ya Mpishi nayo ilikuwa mkate wa kawaida tu, na sisi tulikuwa na njaa. Labda jibini ilikuwa chachu kweli, kama koko alivyosema. Ninaitafuna polepole, nimefumba macho, na kila mara kuna kitu kimepungua, lakini sijui ni kipi. Wanaoweza kuniambia ni watu wawili tu. Mmoja yuko chini ya udongo wa Nakivale, na wa pili sijui yuko wapi.