Chupa Chini ya Boneti ya Madam

Wenzangu wa chumbani, pale Karama, Dubai, walinicheka. Ndiyo kwanza nikakaza buti. Nilifunga chupa ya maji na magadi chini ya boneti ya gari la madam ninayemwendesha, nikaiunganisha na betri ili itoe haidrojeni, injini inywe petroli kidogo.

Basi wiki zikapita sijakanyaga kituo cha mafuta! Kila Jumamosi mshale wa mafuta hata ulikuwa umepanda. Nikajiambia gesi imekolea. Nikaanza kutembea kama profesa.

Jana nikamfungulia boneti madam, Mzanzibari mpole, nikitaka ruhusa nifunge nyingine kwenye gari la mumewe.

“Juma, tangu mama yangu ahamie Al Nahda, Ijumaa ukiwa ofu naendesha mwenyewe, nikirudi najaza tangi,” akasema, akiichungulia chupa yangu. “Na huo waya wa betri, mwanangu, niliuchomoa Ijumaa ya kwanza.”