Majivu ya Jirani

Sikumpenda yule mwanamke tangu siku ya kwanza, na mpaka leo simpendi. Anakaanga mandazi nje ya ploti yetu huku mtaani Lucky Summer. Kila asubuhi akimaliza, alikuwa akiyamwaga majivu ya jiko lake pembeni mwa kishamba cha nyuma, karibu na mto. Kishamba hicho mwenye nyumba alikuwa amenipa mimi, nami nilikipanda mahindi kwa ajili ya mama.

Mama nilimleta kutoka magharibi mwa nchi baada ya kuugua peke yake kijijini. Wiki mbili alikaa akitazama televisheni isiyomhusu, kisha akasema, "Mahali mtu hapandi kitu si kwake. Mahindi yakikataa hapa, unanirudisha nyumbani." Hakuwa anatania. Na huko nyumbani hakukuwa na mtu hata wa kumchemshia maji.

Udongo wa pale ni mweusi tii, mwepesi, ukiukanyaga unabonyea kama godoro. Ni majani ya kinamasi yaliyooza miaka na miaka. Nani asiyejua kwamba udongo mweusi una rutuba? Nilipanda bila kutia kitu. Mahindi yakatoka manjano, yakafika magotini, yakagoma. Mama akaanza kukunja nguo zake.

Siku hiyo nilitoka nikamfokea jirani mbele ya wateja wake.

"Hapa si jalala lako!"

"Niaje, madam wa gesi," akasema bila kugeuka. "Hiyo mahindi yako ilikufa kitambo. Mimi naizika tu."

Wateja walicheka. Nilirudi ndani nikaubamiza mlango.

Mama ndiye aliyeona. Alishuka polepole mpaka kishambani, akaniita. Mstari wa mwisho, ule uliokuwa ukimwagiwa majivu, ulikuwa wa kijani kibichi, umenifika kifuani. Akachota udongo wa katikati, akaunusa.

"Huu ni mchachu. Udongo wa kinamasi hutaka majivu na samadi. Nilidhani umetia."

"Mama, mimi napikia gesi. Majivu ningetoa wapi?"

"Kaombe. Nitangoja msimu mmoja."

Nilikwenda. Yule mwanamke alinisubirisha mpaka wateja wakajaa, ndipo akauliza kwa sauti, "Unadai nini? Sema wasikie." Nikasema. Taya ziliniuma kwa kuzikaza.

Kabla ya mvua tulichanganya majivu na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Mifupa niliiokota kwenye mabucha ya soko la Burma, tukaichoma na kuiponda. Majivu yakinyeshewa nguvu huisha, kwa hiyo mama aliyafuata mwenyewe kila asubuhi yakiwa bado makavu. Mwanzoni alikawia dakika tano. Baadaye ikawa saa nzima.

Mahindi yakabeba. Nilivunja la kwanza, nikamchomea mama kwenye gesi. Akaliuma, akalitazama.

"Linanuka gesi," akasema. Akavunja mengine mawili, akatoka nayo.

Nilimkuta nje, kwenye benchi la yule mwanamke, mdomo mweusi kwa masizi, akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afe. "Sirudi popote," akaniambia huku akitafuna. Nilifurahi, na wivu ukanichoma papo hapo.

Jirani akasogea kidogo kunipa nafasi. Sikukaa. Nilisimama pale na karai langu mkononi, nikingoja majivu yapoe.