Nilivyopigwa Risasi Kinampanda

Mimi sipendi gemu la vita ambalo mtu anapigwa risasi tatu, kisha anainuka na kukimbia. Ndiyo maana nilipakua hili la vita vya zamani. Ukipigwa unaanguka, unavuja damu, na mwenzako asipokufunga jeraha, umekwisha.

Juzi nilikuwa kwa shangazi, Kinampanda, nacheza chumbani kwa simu na rafiki yangu aliyeko mjini Utemini. Nimeziba masikio kwa spika za masikioni, mguu hautulii, jasho linanitoka. Mara nikapigwa.

"Nimepigwa risasi! Navuja damu! Njoo unifunge, nakufa!"

Rafiki akachelewa, nami nikazidi kupayuka. Kumbe uani shangazi alishatupa ungo wa mtama na kupiga yowe. Na kwetu yowe likilia, hakuna anayebaki shambani.

Mlango ukasukumwa. Wazee na marungu, akina mama na kanga za kufungia jeraha, shangazi mbele analia.

"Umepigwa wapi, mwanangu?"

Nikawaonyesha simu. Nilivyobabaika, adabu ndiyo iliyonitoka kinywani kwanza:

"Shikamooni."

Hata mmoja hakuitikia.