Simu Iliyoita Bila Sauti

Chuoni Iringa tulikariri njia mbili za kupitisha data mtandaoni, TCP na UDP, na namba za milango yake. Kutuma barua pepe, TCP, mlango wa ishirini na tano. Kurasa za wavuti, TCP, themanini na mia nne arobaini na tatu. Kuuliza majina ya tovuti, UDP, hamsini na tatu. Kusahihisha saa ya kompyuta, UDP, mia moja ishirini na tatu. Mwalimu alisema TCP ina uhakika na UDP ina haraka, akafuta ubao. Nilijiuliza ni nani angechagua kitu kisicho na uhakika, lakini sikunyoosha mkono. Mtihani nilifaulu vizuri.

Baadaye nikawa fundi wa kompyuta. Nilipanga chumba Ipogolo, nikawa naitwa huku na kule kando ya barabara kuu. Ndivyo nilivyofika kwenye kituo cha afya karibu na Igawa. Muuguzi mkuu alikuwa mama wa makamo, mtoto wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini yeye akiwa mdogo. Alinieleza shida zake mbili kabla sijaweka begi chini.

Walikuwa wamefungiwa simu ya mezani inayotumia intaneti, ili aweze kuzungumza na daktari wa Mbeya akiwa ndani ya chumba cha uzazi. Simu ilikuwa inaita, daktari anapokea, halafu kimya. Simu za mkononi zilishika mtandao getini tu, kwa hiyo alikuwa akikimbia kutoka kwa mgonjwa hadi getini na kurudi. Shida ya pili ilikuwa ya kompyuta. Kila umeme ukikatika, zikiwashwa tena zinakataa kufungua mfumo wa usajili, zinasema tovuti si salama. Fundi aliyenitangulia alimwambia laini ni mbovu.

"Lakini barua pepe zinakwenda, mwanangu," aliniambia. "Laini mbovu inachaguaje?"

Nililipenda swali lile.

Nilianza na kompyuta. Kwenye laptopu yangu mfumo ulifunguka mara moja, kwenye yake ukakataa. Nilikaa nikizitazama zikiwa zimewekwa pamoja mezani, mpaka nikaona saa pembeni ya kioo. Kompyuta yake ilijiona iko miaka kumi na zaidi nyuma. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, hivyo kila umeme ukikatika saa inarudi zamani. Tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza kutumika, na kwa kompyuta ile tarehe hiyo ilikuwa bado haijafika. Nikarekebisha saa kwa mkono, mfumo ukafunguka. Mama akashukuru, akadhani nimemaliza.

Ila kompyuta nyingi, hata zenye betri iliyokufa, zikishaunganishwa huuliza saa mtandaoni na kujirekebisha zenyewe. Hii ilikuwa inauliza na haijibiwi. Nilifungua kumbukumbu za ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao. Maombi ya saa yalikuwa yamepangana, yote yamezuiwa. Chini yake kulikuwa na vipande vya sauti ya ile simu, navyo vimezuiwa. Simu ile iliita kupitia TCP, ila mazungumzo yenyewe iliyapitisha kwenye UDP. Aliyefunga ruta aliruhusu TCP yote, na katika UDP akaacha wazi mlango wa majina ya tovuti peke yake. Pengine naye alisikia kwamba UDP haina uhakika, akaona usalama ni kuifunga.

Niliruhusu mlango wa saa na milango ya sauti. Kabla sijajaribu simu, mama mjamzito akaletwa na mkwe wake kutoka mbugani, amechoka sana. Muuguzi akampima kwa mashine ya picha za tumbo, akaituma picha Mbeya kwa barua pepe, akapiga simu. Mimi nilibaki ukumbini, mlango ukiwa wazi kidogo.

Sauti ya daktari ilitoka kwenye kipaza sauti. Ilikatika, ikaendelea, ikakatika tena. Picha nayo ilikwama katikati. Daktari alisema haijafika, akasubiri, kisha akasema sasa anaiona yote. Mtoto alikuwa amelala kukingama. Daktari alitaka mama awekewe dripu na apelekwe Mbeya saa hiyohiyo, na akataja vipimo vya dripu. Namba moja ilimezwa. Muuguzi hakubahatisha. Alimsomea daktari maagizo yote tangu mwanzo, alipofika kwenye ile namba akamwomba aitaje upya, akaiandika, akamsomea tena.

Gari la wagonjwa lilipoondoka muuguzi alikaa kwenye benchi karibu nami na kuniuliza mbona picha ilikwama lakini ikafika nzima, na sauti haikukwama lakini ilifika na mashimo. Nikajikuta namfundisha nilichokuwa nakielewa wakati uleule. Picha ilikwenda kwa TCP. Kila kipande lazima kithibitishwe kwamba kimepokelewa, kilichopotea kinatumwa tena, na vingine vyote vinasubiri. Sauti haiwezi kusubiri. Neno lililopotea likitumwa upya litafika katikati ya sentensi nyingine, kwa hiyo UDP inaliacha lipotee.

"Basi kuthibitisha ni kazi yangu mimi," alisema.

Chuoni hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. UDP haikuwa imekosa uhakika kwa uzembe. Ilimwachia anayeitumia aamue ni nini kinahitaji kurudiwa. Kompyuta inayouliza saa ikikosa jibu inauliza tena baada ya muda, na kwake hiyo inatosha.

Kabla ya kuondoka nilipitia kumbukumbu za ruta kwa mara ya mwisho, nikaona vipande vingine vya UDP vilivyozuiwa, vyote vikielekea mlango wa mia nne arobaini na tatu. Huo mimi niliujua kuwa wa kurasa za wavuti, na wavuti nilikariri kuwa ni TCP. Nilidhani ni hitilafu. Nikasoma, nikakuta vivinjari vya siku hizi vinajaribu kwanza njia mpya juu ya UDP, vinathibitisha vipande vyenyewe, na vikizuiwa vinarudi TCP bila mtumiaji kujua. Orodha yangu ya mtihani ilikuwa imepitwa na wakati, nami nilikuwa naiamini bado.

Siku iliyofuata muuguzi alinipigia. Mama alifanyiwa upasuaji Mbeya, amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nilimuuliza kama anapiga kutoka getini. Akasema hapana, amekaa chumba cha uzazi, na mbona mimi nasikika kama nazungumza ndani ya debe?